Wiki ya Kumkwepa Kabati

Jumatatu, 3 Juni

Naanza kuandika leo ili siku moja watu wajue nilivyoonewa. Simu ililia nikiwa juu ya ngazi, nachora jino kubwa kwenye ukuta wa kliniki ya meno. Nikapokea. Lo! Yule mtu wa kampuni ya mikopo. Jina lake hajawahi kunitajia, lakini nilimwona siku ya kuchukua mkopo, na kwa upana wa mabega yale mimi namwita Kabati. Alisema nadaiwa mara mbili ya nilichokopa, na kesho asubuhi atapita kwangu kunikumbusha ana kwa ana. Nisipolipa yote kufikia Ijumaa saa nne asubuhi, atakuja na pikapu abebe cherehani iliyo sebuleni, kisha mimi nikalale jela. Nikamwuliza jela ipi. Akasema ipo. Brashi ikateleza, jino likaota mkia.

Cherehani si yangu. Ni ya mke wangu, ila kwenye fomu ya mkopo, sehemu ya mali, niliiandika kwa sababu sehemu ilikuwa tupu na inatia aibu. Ndiyo inayotulisha miezi ambayo hakuna anayetaka bango. Wiki hii ana sare arobaini za shule za kumaliza. Na huo mkopo hana habari nao! Nilikopa kimyakimya ninunue mashine ya kupulizia rangi. Ilifanya kazi siku mbili, ikapaka dari, paka wa jirani na mimi mwenyewe, kisha ikafa. Nimelipa mafungu manne kati ya sita. Hayo mawili nilidhani watayasahau.

Mtu mwingine angemwuliza shemeji, mdogo wa mke wangu, maana ni karani kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, mtaa wa pili tu. Mimi? Thubutu! Huyo ndiye aliyesema kwamba mwanamke niliyemchora kwenye ukuta wa saluni anafanana na golikipa. Bora jela.

Nina mpango. Kabati hajawahi kufika kwangu, anajua namba ya nyumba tu. Na namba za mtaa huu zote zimechorwa na nani? Na mimi!

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka kabla ya mke wangu, kopo la rangi nyeupe mkononi. Kwenye geti langu nimeandika 15, namba ya mwalimu mstaafu anayekaa ng'ambo ya barabara. Kwenye geti lake nimeandika 14. Kazi safi, hata kivuli cha tarakimu nimeweka. Nikajibanza nyuma ya pazia.

Saa tatu, pikapu hiyo. Kabati akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nilicheka mpaka nikajing'ata mkono. Akagonga geti kwa ngumi, akapaza sauti mtaa mzima usikie kwamba humu ndani anakaa mdaiwa sugu. Mwalimu akatoka taratibu, koti jeusi mwilini, miwani puani. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilidaka maneno machache tu: kitambulisho, barua ya kampuni, amri ya mahakama. Kabati akajipapasa mifuko yote kama mtu aliyepoteza funguo. Akarudi kwenye pikapu, akaondoka. Dakika mbili! Hata mbili hazikutimia!

Nimekaa nikachemsha bongo mpaka chakula kikapoa. Mwalimu ana nini ambacho mimi sina? Mrefu si mrefu, ndevu hana, mbwa hana. Jibu likanijia nikiwa naosha brashi. Koti! Koti na miwani.

Mchana mambo yakaharibika kidogo. Wateja watatu wa mke wangu walipeleka vitambaa kwa mwalimu, na mtungi wetu wa gesi ukaishia jikoni kwake. Mke wangu akauliza ni nani kabadilisha namba. Nikasema pengine ni serikali. Akaniangalia mikono. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Akasema basi serikali ikazirudishe kabla ya jioni.

Jumatano, 5 Juni

Kazi ya jana ilinishinda nguvu, namba nimezirudisha leo. Nikatumia nafasi hiyo hiyo kumwomba mwalimu koti. Nimemwambia nina kikao na mteja mkubwa. Mtu mwema sana, hakuuliza mara mbili. Alitaka tu kunisimulia kuhusu jitu lililokuja kwake jana kudai deni la mtu mwingine. Akaanza kunieleza kwamba mtu akikudai una haki ya kuona hesabu kwa maandishi, na kwamba hakuna wa kubeba kitu nyumbani kwako bila amri ya mahakama, sijui na nini tena. Nikamwambia mwalimu wangu nina haraka, naomba na miwani.

Jioni nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kukunja uso. Kuinua kidole. Kukohoa kidogo kabla ya kusema. Nilijitisha mwenyewe. Mke wangu aliniuliza kutoka sebuleni kama tumbo linaniuma.

Sare ishirini na mbili tayari. Zimepangwa kwenye kochi, sina pa kukaa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia Kabati mimi mwenyewe! Nimemwita aje kwenye kibanda changu cha kazi saa tano. Nilimsikia ameshtuka. Nikavaa koti, nikavaa miwani, nikakaa nyuma ya meza ya makopo ya rangi.

Tatizo ni moja. Miwani ya mwalimu ina vioo vinene kama kitako cha chupa. Kabati alipoingia niliona ukungu tu. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza kuhutubia. Nilizungumza vizuri mno, dakika tatu nzima, mpaka Kabati akakohoa upande wa pili wa kibanda. Nilikuwa naliambia koti langu la mvua lililotundikwa msumarini.

Sikuyumba. Nikadai kitambulisho, kwa sauti ile ile ya mwalimu. Nikanyoosha mkono, nikapapasa mezani, nikakishika, nikakikagua mbele na nyuma. Nikamwambia ni halali. Baadaye niligundua kilikuwa kiberiti changu.

Akatoa karatasi. Akasema ni hati ya kukiri deni, lote, mara mbili ya nilichokopa. Nikitia sahihi ananipa mwezi mzima, nikikataa anakuja kesho na pikapu. Sasa hapo nifanye nini? Kusoma siwezi bila kuvua miwani, na nikivua miwani heshima yote imekwenda. Nikatia sahihi, kubwa, yenye mkia. Kabati naye akasaini palipobaki bila hata kuangalia, simu kaibana begani, anagombana na dereva wake kuhusu mafuta ya pikapu. Akaniachia nakala, nikaitia mfukoni.

Mwezi mzima! Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Jioni akapiga simu. Bosi wake amekataa. Anakuja kesho saa nne kama ilivyopangwa, na sasa ana sahihi yangu. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anaimba chinichini, sare ya thelathini na nne. Akaniuliza mbona sijala. Nilifungua mdomo nimwambie, nikajikuta nasifia vifungo vya sare. Akaninyooshea mabega ya koti, akasema limenipendeza kweli. Nampenda sana mke wangu. Nilijiona mshenzi kupindukia.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa mwisho: kuificha cherehani. Nimeifunika kitambaa cha meza, juu nikaweka maua ya plastiki na picha ya harusi yetu. Ukiingia unaona meza, basi. Mke wangu akatoka bafuni, akaondoa maua, akaondoa picha, akaondoa kitambaa, akaketi kushona. Akasema zimebaki sare nne na hana muda wa mapambo.

Saa nne kamili, honi. Sikuwa na mpango tena. Nikaenda kusimama mlangoni, mikono nimeipanua, bila koti wala miwani. Lakini nilisimama! Kabati akaniambia nipishe. Nikamwambia cherehani hii haitoki, anibebe mimi. Kisha nikageuka, nikamwambia mke wangu kila kitu kwa pumzi moja: mkopo, mashine, fomu, mafungu mawili, jela. Machozi yalikuwa karibu sana.

Mke wangu alimaliza mshono, akakata uzi. Akasema anajua tangu Jumatatu. Kumbe Kabati alipokata simu yangu alimpigia yeye! Na Jumatatu hiyo hiyo alikwenda kwa mdogo wake. Shemeji huyo akatoka jikoni, kikombe cha chai mkono huu, faili mkono huu. Ala! Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Mke wangu akasema alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe, na tena wiki hii alikuwa anashona haraka kwa ajili ya kicheko.

Shemeji akasogeza sare, akamkaribisha Kabati kwenye kochi. Akamwuliza kama ana amri ya mahakama ya kuchukua mali. Hana. Hesabu ya deni kwa maandishi? Hana. Shemeji anayo. Aliiandikia kampuni barua Jumanne, na jana wamejibu: yamebaki mafungu mawili na faini ndogo ya kuchelewa. Hiyo mara mbili, kampuni haiijui. Akaendelea, wala hakupaza sauti. Mkusanya madeni hana mamlaka ya kumfunga mtu. Kutangaza deni la mtu mtaa mzima ni jambo la kushtakiwa. Kumtisha mke wa mtu kwenye simu, vilevile. Na pia hakuwa amevaa koti.

Kabati akatoa silaha yake ya mwisho, ile hati. Nikafumba macho. Shemeji akaisoma. Akairudia. Mabega yakaanza kumtikisika. Akampa dada yake, dada yake akaweka kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka meza ikalia. Mimi nimetia sahihi kwenye nafasi ya mkopeshaji. Kabati amesaini kwenye nafasi ya mdaiwa! Kwa karatasi ile, Kabati anakiri kwamba namdai mimi, na ana mwezi mmoja wa kunilipa.

Kabati akaichungulia karatasi mwenyewe. Akauliza kwa sauti ndogo kama atafungwa. Nikamwambia ndiyo. Shemeji akanikemea, akamwambia hapana, kaka yangu, hufungwi, karatasi hii ni ya kufungia karanga tu, na wewe nawe una haki zako kama mtu yeyote. Kabati akashusha pumzi. Akasema kazini hulipwa kwa kila kitu anachobeba, na mwezi huu hajabeba hata stuli. Akaomba chai. Mke wangu akaona shati lake limefumuka begani, akamwambia asogee, akalishona pale pale akiwa amelivaa. Tulicheka mpaka dereva wa pikapu akaja kuchungulia kama kuna usalama.

Mafungu mawili nitayalipa mwenyewe ofisini kwao, na risiti nitaidai. Mke wangu amesema nikikopa tena bila kumwambia atanishona mdomo. Alikuwa na sindano mkononi. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Juni

Sifa zangu zimeenea! Mwuza mkaa amenisimamisha njiani kuniuliza afanye nini, anapigiwa simu za vitisho tangu juzi. Fundi viatu naye hivyo hivyo. Nimewaeleza kwa kirefu jinsi nilivyomshinda Kabati. Walinisikiliza midomo wazi.

Nimeona mbali. Kuna watu wengi mno mjini hapa wasiojua haki zao. Wanahitaji mtaalamu. Bango nimeshachora, herufi za dhahabu: MSHAURI MKUU WA WADAIWA. Kilichobaki ni chumba cha mbele barabarani, meza ya maana na kiti kile kinachozunguka. Mambo hayo yanataka mtaji.

Saa nane nimepita kampuni nyingine ya mikopo, ya ghorofani. Watu wastaarabu, wana kiyoyozi, walinipa maji baridi. Mkataba una kurasa sita za maandishi madogo kama sisimizi. Karani akaniuliza kama nimeusoma. Nikamcheka! Mtu anayezijua haki zake asome nini? Nikatia sahihi zote sita.

Walitaka pia mdhamini mmoja mwenye mshahara. Nimemwandika shemeji. Nitamwambia kiti kikishafika.