Pikipiki ya Mzee Inawaka Wiki Hii

Jumatatu, 3 Juni

Mzee, baba watoto wangu, amekataa uji tena. Hospitali walishasema tukamlaze nyumbani, na maana ya maneno hayo hakuna asiyeijua. Tangu upande mmoja upooze hasemi, ila masikio mazima. Bawaba ikilia tu, macho yanageuka.

Basi nimeamua. Pikipiki yake ya ujanani, iliyolala bandani miaka nenda rudi, itanguruma chini ya dirisha lake kabla hajaenda. Fundi ninaye ndani ya nyumba: kitindamimba wangu, Injinia. Chuo cha ufundi kilimrudisha nyumbani mwaka wa pili, lakini ni kwa kuwa walimu waliishiwa cha kumfundisha. Leo ameifungua injini yote akaifunga tena, na hakuna skrubu iliyobaki. Mbili tu.

Kasoro ni kabureta. Imepasuka.

Nikampitia jirani yangu, Mama Daktari, nimpe habari. Akaniuliza kama Injinia ameshapata kazi. Kuzaa daktari kumempofusha mama yule, vipaji vya watoto wa wenzake havioni.

Jumanne, 4 Juni

Mjini vipuri vya pikipiki ya umri ule hakuna. Wenye maduka wananicheka. Mmoja akanishauri nikaulize makumbusho. Hana adabu.

Mwisho nikaelekezwa nyuma ya gereji ya malori, kwa mtu wanayemwita Bwana Badili. Huyo hauzi. Unampa kipuri cha kale, anakupa kipuri cha kale. Kibanda kimejaa vyuma mpaka darini, na katikati kuna kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Akataka taa ya mbele. Nikarudi nyumbani mbio, nikaifungua mwenyewe. Injinia akaguna. Nikamwuliza baba yake anasafiri usiku gani hata ahitaji taa.

Nimeileta kabureta nimeikumbatia kama kichanga. Haikuingia. Mdomo mpana mno.

Jumatano, 5 Juni

Bwana Badili akanipa pole, ile ni ya toleo la baadaye. Yenye mdomo mwembamba anayo, ila kwa tangi. Nikampelekea tangi. Injinia akaning'iniza chupa ya petroli juu ya injini, akaunganisha mpira mwembamba, petroli ikashuka yenyewe. Nani alimfundisha? Hakuna. Kipaji!

Mchana kutwa nilipokuwa njiani, Mama Daktari alikaa na Mzee. Anasema amekunywa uji nusu bakuli. Kwangu hata kijiko hataki. Atakuwa anamjazia sukari.

Alhamisi, 6 Juni

Petroli inafika, cheche hakuna. Magneti imekufa. Bwana Badili anayo nyingine, nzima, kwa ekzosi na magurudumu yote mawili.

Hapo Injinia akaweka spana chini.

"Mama, pikipiki inaisha na baba anaisha. Si ukae naye tu?"

Nikamweleza taratibu, maana kusoma sana nako kunachosha akili. Baba yake anataka kusikia, hataki kupanda. Magurudumu hayana sauti. Ekzosi nayo ni njia ya moshi tu. Nikakodi mkokoteni.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee anahema kwa shida tangu asubuhi. Nikamwambia Injinia ni leo au basi tena. Amepiga kiki mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Injini ikakohoa mara moja, moto ukaruka ubavuni, ikazima.

Mara muungurumo ukasikika barabarani. Bwana Badili anapita juu ya pikipiki! Kumbe ndiyo iliyokuwa chini ya turubai. Taa yetu. Tangi letu. Magurudumu yetu. Na ile ekzosi, inayobwekabweka kila akipunguza mwendo, niliyokuwa nikiisikia nikiwa kwa baba yangu najipaka poda haraka haraka.

Mama Daktari akaniita ndani. Mzee macho wazi, ameyaelekeza dirishani. Midomo ikahangaika, likatoka neno.

"Imewaka."

"Imewaka, baba watoto. Mwanao ndiye kaiwasha."

Injinia alikuwa mlangoni, mikono imejaa grisi. Akataka kusema. Mama Daktari akamshika bega, akamsogeza hadi kitandani. Baba yake akamtazama kwa muda mrefu, kisha akafumba macho.

Jumapili, 9 Juni

Mzee ametutoka mchana, nikiwa nimemshika mkono. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 13 Juni

Tumemzika. Waombolezaji wote wamesikia jinsi mwanangu alivyoifufua pikipiki ya baba yake. Wengine wamesikia mara mbili. Injinia kila nikianza anatoka nje. Mama Daktari alikuwepo, akaniacha niseme, akaongeza na yeye kwamba ilinguruma vizuri sana. Pengine nilimwonea mama yule. Kidogo.

Jioni Bwana Badili akaja kutoa pole. Kumbe hakujua kama nina mgonjwa. Alilia kweli, nikampa kitambaa changu. Tulipotulia akasema fremu ya pikipiki yake ina ufa, na yetu ameiona pale bandani, imenyooka. Kwa fremu hiyo atanipa kiti. Cha ngozi, bado kina nailoni yake, hakijakaliwa na mtu.

Nimekubali kabla hajabadili mawazo. Injinia akaingia ndani. Ni uchungu wa baba yake. Lakini mimi namjua mwanangu: pikipiki itakapokamilika, lazima awe na pa kukaa.