Kope ya Kukonyezea

Jumatatu, 3 Machi
Kipele kwenye kope yangu ya kushoto si kipele. Ni saratani ya ngozi, tena adimu. Mimi, ambaye sijawahi kushinda hata bahati nasibu! Daktari wa upasuaji atakata kope, ila ameahidi jicho litafumba na kufumbua. Nikauliza, na kukonyeza je? Mke wangu akageuka polepole. Akataka kumjua huyo ninayemkonyeza.

Ningejibu nini? Ninamkonyeza kaka yake, kila Jumapili, kwenye karata. Konyezo moja, nina turufu. Mawili, tupa kubwa. Ndivyo tunavyomfunga baba mkwe, na mzee bado anasema ni bahati.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi kwa daktari peke yangu, kumbembeleza akate kidogo. Amekataa. Mzizi ukibaki, safari ijayo litaondoka jicho zima. Nimeogopa kwelikweli. Shemeji kauliza, nikifa atacheza na nani. Ndugu wa kufaana huyo!

Jumanne, 11 Machi
Kisu! Ganzi tu, niko macho. Anakata kipande chembamba, kinapelekwa maabara, tunangoja. Mzizi upo. Anakata tena. Safari ya tatu, safi. Nikalia. Kisha akavuta ngozi ya pembeni, akaziba pengo kwa mishono midogo midogo. Mke hakuniachia mkono kutwa nzima, ingawa bado kaninunia.

Jumanne, 18 Machi
Nyuzi zimetoka. Daktari akaniambia nifumbe. Jicho likafumba! Nikajaribu na kukonyeza. Likakonyeza! Bahati mbaya, mbele yangu alisimama muuguzi, na nyuma ya muuguzi, mke wangu.

Jumapili, 23 Machi
Balaa. Kope mpya inakonyeza yenyewe. Daktari alisema itatulia, lakini shemeji hana subira. Kila ikicheza mara mbili, yeye anatupa kubwa. Tumefungwa vibaya. Baba mkwe anacheka mpaka anakohoa. Mke alikuwa ameketi pembeni, akitazama jicho langu, kisha mkono wa kaka yake, kisha jicho langu.

"Kumbe ni kaka yangu," akaninong'oneza.

Akacheka mpaka machozi. Nami moyo ukatua, mara ya kwanza tangu kipele kile.

Jumatatu, 24 Machi
Mke hatatusema kwa baba yake, mradi tuape. Nimeapa: sitakonyeza tena maishani. Daktari kaniokoa, mke kanisamehe, mtu atake nini zaidi? Shemeji naye kaapa.

Tumefanya mazoezi asubuhi yote. Sikio la kulia linacheza vizuri kabisa.