Maelezo Mafupi Kabla ya Wimbo wa Limi

Jumatatu, 5 Julai 1999. Didia.

Kosa la watu wengi wenye kaseti za zamani ni kudhani kwamba wimbo unajieleza wenyewe. Haujielezi! Wimbo bila maelezo ni mboga bila ugali: unaonja, hushibi. Nimelisema hili miaka yote niliyofundisha. Leo, hatimaye, kuna mtu amekuja kunihitaji.

Ni Heena, binti wa marehemu Kanji aliyekuwa na duka la redio mjini Shinyanga. Nilimfundisha Kiswahili darasa la tano. Siku hizi yuko maktaba ya chuo kikuu. Kaniamkia shikamoo Mwalimu. Nikaitikia marahaba, nikamweleza asili ya neno shikamoo, akasikiliza hadi mwisho. Mtoto ana adabu.

Anakusanya kaseti za ngoma, picha za kale na tafiti za watu wa huku, vyote viingizwe kwenye kompyuta za maktaba. Anasema muziki unageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu haziliwi na mchwa wala kutafunwa na redio mbovu. Mtu wa mwaka 2050 ataketi maktaba na kutusikia. Nimemuuliza huyo mtu wa 2050 atajuaje anachokisikia. Akacheka. Sikufanya mzaha.

Anaitaka kaseti yangu ya Sabasaba ya 1974, aliyoirekodi baba yake hapa hapa Didia, Bagika waliposhindana na Bagalu. Ataichukua Ijumaa. Jumamosi anaondoka.

Naeleza, ingawa msomaji wa shajara hii ni mimi mwenyewe: Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya sisi Wasukuma. Baada ya mavuno huingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila chama upande wake. Mwamuzi hakuna. Watu wakikuacha wakakimbilia kwa wenzako, umeshindwa. Sisi tulikuwa Bagika. Mwimbaji wetu alikuwa mke wangu Limi. Limi kwa Kisukuma ni jua. Siku ile aliimba na binti yetu Mageni mgongoni.

Tulimzika Limi mwaka juzi. Picha zake mbili zipo, zote kanuna. Sauti yake iko kwenye kaseti hiyo tu.

Jumanne, 6 Julai.

Nimeisikiliza kaseti. Limi anaanza kwa kukohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi, halafu anapanda. Nilisahau alivyokuwa akipanda! Uwanja mzima ulinuka vumbi na pamba. Mashati yetu yalikuwa meupe.

Lakini kuna tatizo. Nyuma ya Limi, dudumdu, dudumdu, kuna ngoma ya Bujiku.

Bujiku alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu. Mtu wa majivuno. Hata leo husema "ledio" na "kulekodi", ukimsahihisha anasema wewe ndiye unayetafuna ulimi. Huyu naye aingie chuo kikuu kwa mgongo wa mke wangu?

Nimemwendea Heena mjini, nikamwomba kompyuta yake imtoe Bujiku. Akasema haiwezekani, wamechanganyika. Nikasema basi lazima pawe na maelezo. Akasema vizuri sana, niyaandike kwenye karatasi.

Karatasi! Karatasi hufungiwa karanga. Maelezo yatakaa kwenye kaseti yenyewe, mwanzoni, pale penye ukimya kabla Limi hajakohoa. Maneno machache. Heena sitamwambia, itakuwa zawadi.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.

Siku njema kwa kazi ya historia. Nilifunga mlango, nikabonyeza kitufe chekundu, nikaanza: "Ndugu msikilizaji wa mwaka elfu mbili na hamsini..."

Sijawahi kusema vizuri hivyo. Nilieleza chimbuko la vyama viwili. Nilieleza jembe, mtama, jinsi wazee walivyolima kwa kuimba. Nikagusia tofauti ya l na r, kwa mifano. Nikafika kwa Bujiku, nikamshauri msikilizaji aichukulie ngoma ile kama ng'ombe waliokuwa wakipita. Jogoo aliingilia mara moja tu. Nilipokuwa nahitimisha, kitufe kikaruka chenyewe. Tak!

Nikarudisha mwanzo nijisikilize. Sauti safi. Nikangoja nimalize ili Limi akohoe.

Nikangoja.

Kitufe kikaruka tena. Upande wote ni mimi.

Nikageuza upande wa pili. Huko iko hotuba ya bwana shamba aliyefungua sherehe, juu ya kunyunyizia pamba dawa. Yote ipo. Haikupotea hata pumzi.

Saa hiyo hiyo Mageni anabisha hodi. Katoka Nkome, kule ziwani, na ndoo ya dagaa, kaja kumsikia mama yake kabla kaseti haijaondoka. Nikamwambia redio haina betri. Akabonyeza. Akamsikia baba yake akieleza mtama.

Alisikiliza mpaka jogoo. Kisha akasema, bila kupaza sauti, kwamba mama alipokuwa hai hakuachiwa nafasi ya kumaliza sentensi, na sasa baba kamfuata hadi kwenye kaseti. Akaenda kuchambua dagaa nje, amenipa mgongo.



Alhamisi, 8 Julai. Mwakitolyo.

Usingizini nimekumbuka! Kanji alitoa nakala mbili, moja kwetu, moja kwa Bagalu, maana alikuwa mfanyabiashara na wateja wake walitoka pande zote. Ya Bagalu alipewa Bujiku.

Bujiku sasa yuko Mwakitolyo kwenye dhahabu. Anauza kamba na betri za tochi kwa wachimbaji wanaoshuka duarani, yaani shimoni. Nimepanda lori la magogo. Njia nzima nilikuwa napanga hila. Nisimwambie kilichotokea. Nimsifu, nichukue kaseti, niondoke.

Aliponiona tu akasimama mlangoni, akaanza kwa salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka, Mgika! Umekuja kukubali mlishindwa?" Nikamwambia chuo kikuu kimesikia habari za ngoma yake. Wasomi hawalali. Kompyuta imewekwa tayari, inamngoja yeye.

Akafurahi kama mtoto. Kisha akakunja jicho, akauliza yangu iko wapi. Nikasema imeliwa na panya. Akauliza panya wa Didia walianza lini kula kaseti, au ndiyo njaa imefika huko? Wachimbaji wawili waliokuwa wakinunua kamba wakacheka.

Hakunipa kaseti. Aliitia kwenye redio lake kubwa, akaongeza sauti.

Limi akakohoa. Akapanda.

Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha ya kumlainisha Bujiku. Yaliondoka yote. Watu wakaanza kutoka mashimoni, weupe kwa vumbi la mawe kama waliopakwa unga, wakasimama mbele ya kile kibanda. Mmoja akatua ndoo. Mama lishe akaacha uji wake ukafurika. Kundi likakua, kama siku ile! Katikati ya wimbo mtoto akalia. Ni Mageni, mgongoni. Na baadaye kidogo, mahali ambapo sikuwahi kupaona kwa miaka yote hiyo, ngoma ya Bujiku ikakosa pigo moja.

"Hapo," Bujiku akasema. "Mikono ilisahau. Nilikuwa namsikiliza mkeo."

Nikamwambia ukweli wote. Hata mtama. Hata ng'ombe waliokuwa wakipita. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akafuta macho kwa kofia, akasema mtu anayefuta sauti kama ile hapewi kaseti mkononi. Kesho ataileta mwenyewe, ila kwa sharti moja. Niseme kwenye mashine ya chuo kikuu kwamba mwaka 1974 Bagalu walishinda.

Nikamkumbusha ametoka kukiri kosa lake sasa hivi. Akasema hayo ni yetu wawili. Chuo kikuu kina mambo yake.

Ijumaa, 9 Julai. Didia.

Bujiku kafika na baiskeli, kaseti imefungwa kwenye leso, leso ndani ya shati. Mageni akamwamkia, akamkaribisha kiti kizuri. Kiti changu.

Heena akaweka mashine mezani. Sharti kwanza, akasema Bujiku, wimbo baadaye. Nikasogea kwenye kinasa sauti. Nikaanza kwamba, kwa mujibu wa baadhi ya mitazamo, Bagalu wanaweza kuhesabiwa kuwa...

"Mwalimu," akasema Bujiku, "mbona unazunguka kama ng'ombe wa kupula mtama?"

Nikarudia. Nikasema Bagalu walishinda, kwa maana fulani ya neno kushinda. Bujiku akaanza kuifunga tena leso. Mageni akaniangalia. Ni macho ya mama yake yale.

Nikasema: "Bagalu walishinda."

Maneno mawili. Mafupi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya mgeni.

Heena akanakili kaseti yote, tukisikiliza, tukitafuna michembe ya viazi vikavu na karanga. Mageni alipojisikia akilia mgongoni mwa mama yake, akaziba mdomo kwa kanga. Palipofika pigo lililokosekana, Bujiku akatazama dari. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyesema kitu, hata mimi. Heena kasema tangu darasa la tano hajawahi kuniona hivyo.

Bujiku kamwachia Mageni kaseti aisikilize hadi Jumatatu. Kabla ya kuondoka akanionyesha mgongo wa kaseti: vile vijipande viwili vya plastiki kavivunja tangu zamani, redio isiweze kurekodi juu yake. Alivivunja, akasema, kwa sababu ya watoto na walimu.

Jumamosi, 10 Julai.

Heena ameondoka na nakala yake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mama Mageni yuko salama sasa, mchwa hawamwezi. Akaniomba kwa heshima kubwa nisiguse kitu chochote. Akaongeza, kwa adabu tu, kwamba mwenye nyongeza anaweza kutuma kaseti nyingine.

Mageni anaimba huku anapika. Anakohoa kidogo kabla ya kuanza. Sikuwahi kuliona hilo.

Jumapili, 11 Julai.

Sikupata usingizi mzuri. Namfikiria yule mtu wa 2050. Ameketi maktaba, kijana msikivu, na kitu cha kwanza anachosikia kutoka kinywani mwa mwalimu mzima ni kwamba Bagalu walishinda. Ataamini! Ataandika utafiti! Nani atamsahihisha? Nitakuwa nimekwisha kufa, na Bujiku ndivyo anavyotaka.

Panahitajika nyongeza ya kumtumia Heena. Si hotuba. Sentensi moja, labda mbili, na neno dogo juu ya pigo lililokosekana.

Kaseti tupu sina. Ile yangu siwezi kuifuta, ina maelezo mazuri ya mtama, na bwana shamba naye ni historia. Maduka ya hapa Jumapili yamefungwa.

Kaseti ya Bujiku iko mezani.

Nimeichunguza kwa utulivu. Redio haina akili, inapapasa tu kama tundu la kile kijipande kilichovunjwa liko wazi. Karatasi iliyotafunwa vizuri inalijaza. Na pale mwanzoni, kabla Limi hajakohoa, kuna ukimya mzuri, mpana, usio na kazi. Safari iliyopita kosa halikuwa kurekodi. Kosa lilikuwa mtama. Mtama nitauacha. Nitagusia jembe tu.

Mageni yuko kanisani. Betri za redio zimekwisha, safari hii kweli.

Leo: toa betri kwenye tochi, tia kwenye redio.