Mvua Iliyonyesha kwa Shangazi Peke Yake

Leo sina uso wa kutazama watu.

Naandika nikiwa nimesimama juu ya jiwe nyuma ya zizi. Hapa ndipo mtandao unapopatikana, na isitoshe siwezi kukaa. Nimejaribu mara tatu. Kila nikikaa nakumbuka, nasimama. Basi nitawasimulia kwa mpangilio tangu asubuhi, kama ninavyoandika kila kitu kwenye daftari langu.

Kwanza mjue nilikuwa nashindania nini. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni yule Stela aliyeingia chuo kusoma kemia, akahamia jiolojia, kisha akahamia sayansi ya mazingira. Njiani nimepitia botania, fizikia ya anga, takwimu, na muhula mzima wa elimu ya wadudu (niliingia darasani kwa kukosea mlango, nikapenda). Niliokuja nao chuo wameshaajiriwa. Mmoja ana watoto wawili. Mimi nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu, mradi wa mwisho, na leo msimamizi wangu, tunayemwita Dokta, alikuwa anapanda mlima kuja kuukagua. Akiukubali, nahitimu. Akiukataa, narudia mwaka. Baba ameshasema wazi kwamba nikirudia tena, somo langu linalofuata litakuwa kabichi, kwa vitendo, shambani kwake.

Mradi wenyewe ni mvua. Nimetengeneza vipimamvua vitatu kwa chupa za maji. Unaikata chupa shingo, unaigeuza ile shingo juu yake iwe faneli, basi. Cha kwanza kiko hapa nyumbani kwa Shangazi, ninakoishi. Cha pili kiko shule ya msingi, cha tatu kwenye bustani ya usharika wa kanisa. Kila asubuhi saa moja kamili naanza na cha Shangazi, kisha nashuka kwa vingine. Napima kwa rula, naandika, namwaga maji. Wiki saba sijaruka hata siku moja.

Sasa huku Lushoto ni kiangazi. Shuleni nimeandika sifuri. Usharikani sifuri. Kwa Shangazi nako wiki ya kwanza ilikuwa sifuri tupu, kisha mvua ikaanza. Milimita tisa. Kesho yake tisa. Siku iliyofuata tisa. Jumapili kumi na nane.

(Najua. Sasa hivi najua. Tuendelee.)

Mtu aliyesoma somo moja angeshtuka. Mimi nimesoma mengi, kwa hiyo nilikuwa na maelezo mengi. Fizikia ilinieleza kwamba ukungu wa bondeni unapanda, unagonga kilima chetu, unapoa, unadondoka. Botania ikaniambia mparachichi wa Shangazi unaudaka ukungu huo kwa majani yake. Mbona bati halilii alfajiri? Kwa sababu ukungu hauna kelele. Kwa nini Jumapili mvua inakuwa mara mbili? Kemia ikajibu: mashine ya kupasua mbao ya ng'ambo ya bonde haifanyi kazi Jumapili, hewa inatulia. Kuna siku tatu mfululizo zilizokuwa kavu katikati ya mwezi, nikazieleza kwa upepo kugeuka. Takwimu nikazichorea grafu. Ukiacha Jumapili na siku hizo tatu, grafu ilinyooka kama rula, nami nikaandika chini yake kwamba hiyo ni dalili ya mfumo imara.

Nikampigia Dokta simu. Akasema, "Hilo nataka nilione kwa macho yangu."

Ndiyo tukafika leo.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa. Shangazi, ambaye ni dada mkubwa wa baba na huamka kabla ya jogoo ili kukamua ng'ombe, alikuwa jikoni akinyonyoa kuku.

"Stela, kaa unywe chai."

"Nimeshakunywa, Shangazi."

"Umekunywa umesimama. Chai ya kusimama haifiki tumboni."

"Shangazi, leo ndiyo siku yenyewe."

"Najua ndiyo siku yenyewe. Na mimi nimejiandaa."

(Nilidhani anamaanisha kuku.)

Saa moja kamili nikaenda kwenye chupa. Milimita ishirini na saba. Nilipima mara mbili. Siku ambayo msimamizi anakuja, mlima umeamua kunitetea. Safari hii sikumwaga, nikayaacha yale maji ili Dokta ayakute.

Sasa hapa ndipo nilipojitafutia balaa. Ningengoja kimya, aibu ingebaki ya watu watatu. Lakini miguu yangu haijui kungoja. Nikaenda hadi kwa Mzee Singano, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nikamwambia kuna jambo la kisayansi kwa Shangazi na mgeni kutoka chuo anakuja kulithibitisha. Mzee Singano akasema hawezi kuja peke yake kwenye jambo zito namna hiyo. Akaja na majirani wapatao kumi, wawili wakiwa na majembe mabegani.

Dokta aliwasili saa nne na robo kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama," akamsalimia Shangazi.

"Marahaba, baba. Pole na njia. Karibu sana, hapa ni kwenu."

Hakutaka kukaa. Akataka tuanze na vituo vya chini. Shuleni tulikuta buibui amefunga utando ndani ya faneli. Dokta akainama kumtazama.

"Huyu," akasema, "ana hakika ni kiangazi."

Usharikani hali ilikuwa hiyo hiyo, tofauti ni kwamba buibui alikuwa mwingine. Dokta akaandika sifuri mbili kwenye daftari lake. Mimi sikujali. Nilikuwa natembea mbele yake kwa haraka kiasi kwamba mara mbili alinikuta nimesimama kwenye kona namngojea.

Tukarudi kwa Shangazi. Watu walikuwa wameshajipanga kando ya uzio. Shangazi alikuwa kwenye mlango wa jiko, khanga mpya kiunoni, anatazama kama mama mwenye mtoto anayekaribia kuimba kanisani. Hatua mbili kutoka kwenye chupa kulikuwa na kuku mmoja aliyesalimika asubuhi, anaoga kwenye vumbi. Vumbi lilikuwa linaruka. (Nililiona. Niliandika hata kwenye daftari: "kuku, vumbi." Sikujiuliza chochote.)

Nikaanza kueleza. Ndugu zangu, nilieleza. Nilianzia kwenye miamba ya Usambara, nikapanda kwenye ukungu, nikafika kwenye vinyweleo vya jani la mparachichi. Nilimwonyesha Dokta ng'ambo, ile mashine ya mbao. Niliwaonyesha majirani grafu. Mzee mmoja mwenye jembe akaguna kwa heshima, jambo lililonipa nguvu ya kuongeza dakika tano.

Dokta alikuwa amechuchumaa. Akaushika udongo wa pembeni ya chupa, akausaga kwa vidole, ukapeperuka.

"Alfajiri hii kulinyesha hapa?"

"Data zinaonyesha hivyo, Dokta."

"Milimita ishirini na saba."

"Ndiyo, Dokta."

"Na bati?"

"Ukungu hauna kelele, Dokta."

Akaichukua chupa, akaitazama kwenye mwanga, kisha akayamwaga yale maji chini ili aone kama chupa inavuja. Udongo uliyameza mara moja. Kuku akakimbia. Mimi nikaendelea na upepo wa kusi.

Kwa pembe ya jicho nilimwona Shangazi akitikisa kichwa, kama mtu aliyeona mgeni amemwaga chai ya mwenzake. Akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha kahawa, kile cha maua kisicho na mkono, amekishika kwa mikono miwili kisimwagike. Akapita katikati ya majirani, "hebu nipisheni." Akampita mwenyekiti. Akafika kwa Dokta, akainama, akaichukua chupa kwa adabu, akamimina kile kikombe ndani ya faneli, akairudisha chupa mahali pake, akaiweka sawa. Kisha akanigeukia.

"Haya, endelea, mwanangu."

Sikuendelea.

Zizini ng'ombe alikuwa anacheua. Dokta alibaki amechuchumaa.

"Mama," akasema taratibu, "hayo maji ni ya nini?"

"Ya huyu." Shangazi akaninyooshea kidevu. "Umeyamwaga, baba, lakini si neno, wewe mgeni, hujui utaratibu. Huwa namwekea mimi."

"Kila siku?"

"Kila alfajiri nikienda kukamua. Kikombe kimoja."

Dokta alifungua daftari lake. Akatafuta ukurasa. "Jumapili?"

"Viwili. Jumapili ni siku ya Bwana."

"Na leo?"

"Leo vitatu. Tuna mgeni."

Nikaona kidole chake kinashuka kwenye jedwali langu, nikajua kinaelekea wapi. "Kuna siku tatu hapa hapakuwa na kitu."

"Hizo nilikuwa Bumbuli, nimempeleka wifi yangu hospitali." Shangazi akaanza kuona haya. "Nisamehe, baba. Nilisahau kumwachia mtu kazi."

Upepo uliogeuka, mabibi na mabwana. Ulikwenda Bumbuli kuuguza.

"Shangazi…" nikasema.

"Usinishukuru," akasema. Akamgeukia Dokta ili amweleze vizuri. "Baba, huyu mtoto wiki ya kwanza alikuwa anakuja hapa asubuhi, anainama, anachungulia, anaandika sifuri, uso unamwanguka. Kesho yake tena sifuri, uso unamwanguka. Siku ya sita hakugusa hata viazi. Nikasema, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Hawezi kukaa kwangu akaandika sifuri kila siku. Kule chuo watasoma, watasema, kumbe kwa shangazi yake hakuna kitu."

Nilitamani kucheka. Nilitamani kulia. Nilitamani kuhamia kozi nyingine.

Mzee Singano akakohoa, akamgeukia Shangazi. "Mama Elieza, na mimi karoti zangu zinakauka. Mvua hiyo ukiitoa tena kabatini, ipitishie na kwangu."

Hapo ndipo uzio mzima uliposhindwa. Yule mzee aliyeguna kwa heshima alilazimika kuegemea jembe. Dokta alijifunika uso kwa daftari, mabega yakawa yanacheza. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, anatafuta kosa liko wapi.

Baada ya chakula (Dokta alikula kuku sahani mbili, mimi nilizunguka nyumba) akaniita pembeni.

"Stela. Umeuhoji ukungu. Umeuhoji upepo. Umeihoji mashine ya mbao iliyo ng'ambo ya bonde. Mwenye nyumba ulimhoji?"

"Hapana, Dokta."

"Si mlikuwa mnakunywa chai pamoja kila asubuhi?"

"Nilikuwa nakunywa nimesimama."

Nilihesabu masomo yote niliyosoma nikitafuta moja la kujitetea nalo. Hakuna.

"Takwimu za hapa zote zifute," akasema. "Maelezo yake yote yafute. Grafu hiyo sitaki kuiona tena maishani. Lakini vituo viwili vya chini ni safi. Sifuri ni jibu, Stela. Sifuri zako ni nzuri sana, usizionee aibu. Kipime upya hiki cha hapa hadi mvua za vuli zianze, uandike ripoti nyingine. Usihame kituo, usihame mada, usihame chochote. Ukiweza kutulia mahali pamoja hadi vuli, utahitimu."

Sikujua kama amenisamehe au amenihukumu. Miguu yangu ilielewa kabla yangu, ikaanza kuwasha.

Dokta akaondoka saa tisa na fuko la maparachichi ya Shangazi na heshima yangu yote iliyobaki.

Nikaenda jikoni. Safari hii nilivuta kigoda, nikakaa kabisa, nikamweleza Shangazi kwamba yale maji yasitiwe tena. Akanisikiliza huku anamenya viazi.

"Kwa hiyo unataka chupa ikae tupu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na huyo Dokta wako akiikuta tupu atafurahi?"

"Sana."

Akaokota kiazi kingine. "Chuo mnasoma mambo magumu."

Nilidhani yameisha. Saa kumi na mbili kasoro, kabla sijapanda kwenye jiwe hili, nikapita kuitazama chupa niliyoisafisha na kuikausha mwenyewe. Tupu. Nikainama, nikachungulia, nikaandika sifuri. Na nikasahau uso wangu, ukaanguka. Nilipoinua macho, Shangazi alikuwa kwenye mlango wa jiko, ananiangalia, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Shangazi, umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

Basi nikatabasamu. Nikatabasamu mbele ya chupa tupu hadi mashavu yakauma, nikaipigapiga ile chupa kama mtu anayempongeza mtoto, hadi niliposikia kikombe kinarudi kabatini.

Vuli bado iko mbali. Hadi ifike, kila asubuhi saa moja kamili nitakuwa mbele ya chupa nimechuchumaa, naichekea sifuri. Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu: katika suala hili, mwenye kibali cha kucheka ni mimi peke yangu.