Habari Kuu ya Kuwashwa kwa Swichi Iliyokuwa Nyuma ya Tangi la Bwana Milimita

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali tegeni masikio; nawe uliyekuja kuazima chumvi, liweke chini hilo bakuli ukae, maana hutaondoka upesi. Zimeni redio. Wapo walioimbiwa kwa kubomoa ngome na kuteka miji, na kama walistahili au hawakustahili hilo si letu. Leo zamu ni ya mpimaji ardhi mmoja, mwenye kitambi kidogo na sauti kubwa, aliyelala kifudifudi sebuleni mwake tangu asubuhi hata alasiri, akaunyoosha mkono wake wa kuume gizani, akaibonyeza swichi ya ukutani. Naam, swichi. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize.

Kazini walimwita Milimita, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Yeye ndiye Mshika Utepe, Bwana wa Fito Nyekundu na Nyeupe, Msimika Mawe ya Mipaka. Majirani waliogombea ua tangu enzi za babu zao walinyamaza alipowafikia, si kwa kuwa aliwapatanisha, bali kwa kuwa hotuba yake juu ya usahihi iliwachosha wote sawasawa. Akitundika picha ukutani, hupima kwanza kama nyumba yenyewe imesimama wima, na ikionekana haikusimama, huilaumu nyumba.

Basi ikawa siku moja, akiwa amekaa kwa daktari wa meno na shavu limemvimba, aliona mbele yake tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe yakipunga vidole vyake laini, na samaki wa manjano wakipita katikati yake bila haraka, kama watu wasiodaiwa kodi. Jino likaacha kuuma papo hapo. Badala yake kikaanza kumuuma kitu kingine ambacho hakuna daktari awezaye kuking'oa. Akaapa moyoni kwamba atakuwa na bahari yake mwenyewe, kubwa kuliko ile, sebuleni, na kwamba watu watakuja kuitazama na kuuliza imepimwa na nani.

Akaingia katika kupanga. Alipanga masika, akapanga kiangazi. Meza ya kulia ikatoweka chini ya michoro, mkewe akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Alichora tangi kubwa la juu yatakamokaa matumbawe, na tangi dogo la chini, ndani ya kabati, maji yatakamoshuka kusafishwa kisha yapandishwe tena na pampu. Wenzake ofisini walijua uzito wa maji ya bahari na kiwango cha chumvi yake kuliko walivyotamani, na saa ya chai walijifunza kuondoka mmoja mmoja, kwa visingizio.

Kilichobaki kuchaguliwa ni mahali. Shujaa wetu aliizunguka nyumba na utepe wake kama jemadari atafutaye mlima wa kupiga kambi, akaishia kwenye kishubaka cha dirisha la sebule, penye ukuta kushoto na ukuta kulia. Pahali pazuri kuliko pote nyumbani. Ila palikuwa na mwenyewe. Hapo ndipo mkewe, fundi wa nguo, alipoiweka cherehani yake tangu walipooana, kwa sababu ya mwanga.

Akaja mbele yake, akakohoa, akanena:

"Ewe mke wangu, nguzo ya nyumba hii, sikiliza. Bahari imebisha hodi kwetu. Imetuomba hifadhi, sisi, katika mji huu wote. Je, ni nani mwenye moyo wa jiwe atakayeifungia bahari mlango?"

"Na mimi nitashonea wapi?"

"Ushorobani, mpenzi. Pana utulivu."

"Ushorobani hakuna dirisha."

"Kuna balbu."

"Ile inayowaka ikipenda." Mkewe akakata uzi kwa meno. "Haya. Nimeona huna raha, na mtu asiye na raha ni mzigo kwa wenziwe. Lakini nyuma ya hilo kabati lako uache nafasi. Mimi nikikata gauni naacha kitambaa cha pindo. Mwenye gauni hunenepa."

Milimita akacheka kwa huruma, kile kicheko cha msomi anapomsikiliza asiyesoma. "Pindo," akasema, "ni kukiri kwamba hukupima vizuri."

Maneno hayo yahifadhini, tutayahitaji.

Kabati likaja. Seremala alilisukuma kati ya zile kuta mbili likaingia mpaka mwisho, na mpimaji akang'oa unywele kichwani pake, ambapo si pa kung'oa ovyo, akajaribu kuupitisha kati ya mbao na ukuta. Haukupita. Akautazama ule unywele uliojikunja kwa fahari ambayo wengine huwaonea watoto wao. Fundi vioo akafuata, akaligundisha tangi humo humo chumbani, kwa kuwa hakuna mlango ambao lingepita. Kisha vikaja vikosi: pampu kwa maboksi, chombo cha kukamua uchafu kwa povu, chombo cha kupasha maji joto, mabomba yenye viwiko, na mwisho taa, malkia wa vita, yenye rimoti yake, ing'aayo kama mchana. Tangi la chini nalo likaingia kabatini kwa kipimo kile kile kisicho na huruma. Nyaya zote akazibana nyuma, hata mmoja usionekane, na plagi kuu alikwisha kuichomeka, kabla tangi hilo halijaingia, katika soketi ya ukutani huko nyuma, maana kabati halikuwa na mgongo.

Na kwa kuwa jua la dirishani huotesha ukoga katika tangi, akalibandika dirisha karatasi nyeusi kutoka juu hadi chini. Alilifungia nje jua la bure, akaenda kununua la dukani.

Maji aliyakoroga na chumvi mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, mgongo ukilia. Haba na haba hujaza kibaba, na Milimita alijaza kibaba kisichosogezeka tena na wanadamu.

Huko ushorobani, katika siku hizo hizo, mkewe alikuwa akishona magauni ya wasimamizi wa bibi harusi, ya satini ya zambarau. Satini ina uso na ina mgongo, na mchana wa dirishani huvitofautisha kwa kutupa jicho. Chini ya balbu ile, fundi ambaye kwa miaka hakuwahi kurudisha nguo alishona gauni zima kisha akagundua: mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Hakulia. Aliketi, akaufumua mmoja polepole, akauweka kando, akampigia simu kaka yake.

"Kaka anakuja Jumamosi alasiri na pikapu," alimwambia mumewe. "Anachukua mashine. Kwake kuna baraza lenye mwanga."

"Na wewe?"

"Mashine haijishonei."

Hapo, enyi wasikilizaji, mtu mwenye akili angeshika patasi akabandua kabati. Milimita hakuwa na patasi, alikuwa na imani. Alijiambia kwamba bahari ikiamka mbele ya macho ya mkewe, moyo wake utalainika, na shemeji atarudi na pikapu tupu. Lakini usiku ule alilala vibaya. Alikuwa amezoea kusinzia kwa mlio wa cherehani, na mara mbili aliinuka kwenda kuitazama kama ingali ushorobani.

Jumamosi asubuhi yakaletwa mawe hai, yaliyofungwa kwa magazeti mabichi: mawe ya baharini yenye vijidudu ndani yake, ambayo ndiyo msingi wa bahari yoyote ya nyumbani, na ambayo maji yasipozunguka hufa, na yakifa hunuka mtaa mzima. Akayapanga kwa pimamaji, kile kipimo cha mafundi cha kuhakiki usawa. Akamwita mkewe. Akasimama mbele ya tangi, rimoti mkononi, akanena juu ya vilindi na mapambazuko kwa muda ambao chai ilipoa. Kisha akabonyeza.

Giza. Akabonyeza tena. Maji yalitulia kama uji uliosahauliwa.

Hapo ndipo alipokumbuka. Siku kabati lilipoingia, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aliizima swichi ya ile soketi ya nyuma, kwa usalama, na alijisifu kwa seremala kwamba mtu makini huzima kwanza. Kuiwasha ndiko kulikosahauliwa. Na sasa mbele ya swichi ile palikuwa na kabati, na tangi, na uzito wa bahari.

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Bahari inatafakari."

Mkewe akarudi ushorobani kufunga vitambaa vyake.

Basi vita vikaanza. Milimita alifungua milango ya kabati, akalala kifudifudi, akatazama. Kati ya tangi la chini na ubavu wa kabati palikuwa na upenyo, mwembamba kuliko mkono wa mtu mnene na mpana kuliko heshima yake, na huko mwisho, baada ya kona, swichi ilimtazama. Akatwaa ufito wake wa kazini, ule mwekundu na mweupe ulionyoosha mipaka ya wilaya nzima, akaishambulia. Ufito ulikwenda moja kwa moja, kama ulivyozoea, ukagonga ukuta, ukabandua chokaa. Ufito hauna kiwiko. Akajaribu upinde wa waya, ukapinda upande wake mwenyewe. Mwishowe akakunja shati, akaingiza mkono mtupu, ukaingia kwa jasho na kwa matusi ya kisomi hata karibu na kiwiko, ukanata kwenye kioo. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma.

Akalala hapo. Kutoa maji kungemchukua mpaka usiku, na ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Sabuni hakuthubutu, maana tone moja ni sumu kwa matumbawe. Sikio lake lilikuwa sakafuni, na sakafu huleta habari: alisikia nyayo za mkewe, alisikia makasi yakiwekwa sandukuni. Cherehani hakuisikia. Tangu asubuhi haikulia hata mara moja.

Nyayo zikaja, zikasimama kando ya kichwa chake.

"Umekwama?"

"Nimeshika ngome."

"Umelala chini, mume wangu."

Yule mwenye hotuba aliugeuza uso wake ukaelekea sakafu. Kisha akasema, mdomo ukigusa vigae: "Sikuacha pindo."

Mkewe akapiga magoti. Alimshika mabega, akamvuta taratibu mpaka mkono ukatoka, mwekundu kama uliopigwa. Akaenda ushorobani, akarudi na ule mkono wa gauni, wa satini ya zambarau, uliofumuliwa.

"Unajua kwa nini koti huvalika? Kwa sababu ya bitana. Mkono unateleza. Lete."

Na sasa tazameni jinsi shujaa alivyovikwa silaha. Hakuletewa deraya wala ngao. Alipiga magoti sebuleni, na mkewe akamvika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto wa gauni la msimamizi wa bibi harusi, wenye marinda begani, akaufunga pini kwa juu. Milimita alijitazama, akataka kusema neno.

"Usiseme," mkewe akasema. "Ngoja kwanza nikazime umeme wote. Sakafu hii ina maji."

Akazima. Mpimaji akalala tena. Satini ikapita kwenye kioo bila ugomvi, kiwiko kikapita, mkono ukazunguka kona, kidole kikapapasa chokaa, kikapapasa waya, kikapapasa plastiki.

Ta.

Mkewe akarudisha umeme, na tazama, pampu zikanguruma, maji yakashuka na kupanda, na ile taa ikalimwagia tangi mwanga wa samawati hata mawe yakapata vivuli. Milimita akasimama, marinda begani, vumbi kidevuni.

"Siku hii," akaanza, "wajukuu watakapouliza..."

Honi ikalia nje. Shemeji akaingia, mtu mpana wa maneno machache, akamsalimu dada yake, akautazama mkono wa zambarau kwa adabu ya kutouliza, kisha akalitazama tangi, huku na huku.

"Shem, samaki wako wapi?"

"Bado. Sharti maji yakomae kwanza, wiki kadhaa."

"Kwa hiyo unafuga mawe."

"Mawe hai, shemeji."

"Sawa," shemeji akasema. "Mashine iko wapi, dada?"

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kioo, akiiangalia mikono yake katika mwanga ule. Ilikuwa imegeuka rangi ya buluu.

"Hii taa ina weupe?"

"Inao," Milimita akasema, "lakini wajuzi wote wanakubaliana kwamba tumbawe, kwa maumbile yake, hutaka samawati. Weupe mchana kutwa utaotesha ukoga, tangi litakuwa kijani kibichi, na mpango mzima wa..."

"Kaka, mashine iko ushorobani."

Shemeji akapiga hatua. Ni hapa, wala si kule chini sakafuni, ndipo vita vilipoamuliwa. Milimita aliangalia bahari yake, akaangalia mlango wa ushoroba, akainua rimoti, akabonyeza mpaka samawati yote ikaisha, na sebule ikajaa weupe wa saa sita mchana.

Mkewe akachukua sindano kifuani pa gauni lake, akatunga uzi. Uliingia mara ya kwanza.

"Ilete hapa," akamwambia kaka yake. "Mume wangu, shika upande ule."

Wakaibeba. Na kwa kuwa nafasi haikutosha, kochi ambalo shujaa alikusudia kukalia akiitazama bahari yake hata uzeeni lilitolewa nje, na pikapu haikurudi tupu.

Kwa hiyo andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na mkikosa wino andikeni kwa mkaa: kwamba Milimita, Mshika Utepe, Mwenye Mkono wa Satini, aliiwasha swichi. Kwamba tangi lake limekuwa kijani kama alivyotabiri, na kiumbe anayenawiri humo ni konokono mmoja aliyekuja kwa kujificha kwenye jiwe, anakula ukoga na kunenepa. Kwamba mpimaji huitazama milki yake akiwa juu ya kigoda, nyuma ya bega la mkewe, na akitaka kuona upande wa kulia huomba, naye huambiwa asubiri mshono uishe, na husubiri. Cherehani inalia, naye husinzia hapo hapo.

Na kati ya mashine na kioo, mkewe aliacha nafasi ya mkono kupita. Hakuna aliyeipima.