Zeze la Amuri Mbele ya Bwana Luteni

Askari wa boma la Usumbura aliruka kutoka mtumbwini, akapita sokoni akitangaza, na kabla miguu yake haijakauka habari ilikuwa imeshafika barazani kwa Bi Mwamini. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa sisi wengine wa Rumonge kila alasiri, jua likishageukia upande wa ziwa. Siku ile tulikuwapo mimi, Hassani muuza mawese tunayemwita Mamba, na Idi wa chumvi tunayemwita Sultani.

Tangazo lilikuwa hivi: Ijumaa, baada ya sala, Bwana Luteni, Mdachi wa boma, atashuka Rumonge. Hataki kusikia habari za kodi wala mashauri. Anataka kuona michezo ya raia. Kila mwenye kipaji cha kufurahisha akionyeshe, na atakayempendeza bwana atapewa blanketi jekundu. Watu wa Minago nao wameitwa.

"Blanketi hilo ni langu," alisema Hassani, akapuliza kahawa yake. "Mimi nitaogelea."

Idi aliweka kikombe chini. "Utaogelea wapi?"

"Muziwa. Wapi tena?"

"Hassani, juzi umevuka kutoka kwenye mutumbwi mpaka ufukoni umeshika kamba."

"Nilikuwa napumuzika."

"Ulikuwa unapiga kelele."

"Mutu anapumuzika namna yake," alisema Hassani. "Jina la Mamba sikujipa mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Jina alipewa na wavuvi siku alipokaa ndani ya maji kama gogo, hasogei mbele wala nyuma, mpaka watu wakadhani ni mnyama. Yeye akalipokea kama sifa, na hakuna aliyemfafanulia.

"Blanketi linataka akili," alisema Idi. "Mimi nitacheza bao. Nitacheza na yeyote atakayeletwa, hata Mudachi mwenyewe."

"Idi, hata mimi nilikufunga wiki jana," alisema Hassani.

"Nilikuwa nakufundisha."

"Na babu yangu kipofu?"

"Yule nilimuonea huruma."

Bi Mwamini alicheka huku anachochea makaa. Ni mjane mnene mwenye sauti ya taratibu, na mtaa mzima unajua kwamba haoni haya kusema. "Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema. "Lakini nyinyi mumevuta mpaka ngozi imepasuka."

"Na wewe mama, utaonyesha nini?" nilimuuliza.

"Mimi nitamufasiria bwana ndoto zake."

Hassani alimwangalia kwa jicho la pembeni. Bi Mwamini alikuwa amemfasiria Hassani ndoto ya ng'ombe kwamba ni utajiri, na kesho yake ng'ombe wa mtu akamwagia chini mafuta yake yote.

Ndipo Amuri akaja. Amuri ni fundi wa kushona kanzu, mtu mwembamba, mpole, mwenye kutembea kama anaogopa kuikanyaga ardhi. Alikuwa amekumbatia zeze.

"Amahoro," alitusalimu. "Mumesikia habari?"

"Tumesikia," tulijibu.

"Basi iko vizuri. Nitapiga ule wimbo murefu." Akatabasamu. "Nimekuja kuazima kipande cha nta, mama. Uzi unakwaruza kidogo."

Bi Mwamini alimpa nta. Akashukuru, akaondoka, na Idi akashika kichwa.

Ni lazima nieleze habari ya zeze lile. Lilikuwa la kaka yake, Hamissi, na Hamissi alijua kulipiga. Harusi za hapa mpaka Kabonga zilikuwa zinamngoja yeye. Ugonjwa wa malale ulipopita pwani hii ulimchukua, na baada ya arobaini Amuri alikuja barazani na zeze la marehemu, akakaa mahali pake, akapiga. Kilichotoka kilikuwa kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mwizi. Lakini nani angesema neno siku ile? Tulipiga makofi. Kesho akaja tena, tukapiga tena. Miaka ikapita namna hiyo. Sikuzani, mkewe, alizoea kwenda kisimani kila zeze likishushwa ukutani, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa haikosi maji kuliko zote Rumonge.

"Mutu amwambie," alisema Idi.

"Amwambie nini?" aliuliza Hassani.

"Kwamba hajui."

"Sema wewe basi."

"Mimi nina chumvi ya kupima."

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha mtupu. Watu wa Kizuka walikuwa wametuletea habari kwamba yule Luteni ana hasira za karibu. Huko kwao mtu mmoja alimpigia filimbi, bwana akaona amedhihakiwa, na mpiga filimbi akapelekwa kufyeka barabara mpaka mvua zikamkuta huko. Amuri na mwili wake ule, jembe la barabara lingemmaliza.

"Mukubwa wa huruma hapa ni Hassani," alisema Bi Mwamini. "Aende Hassani."

Hassani alienda. Tulimwona akiingia kwa Amuri, tukamwona akitoka, anatembea polepole.

"Umemwambia?"

"Tumeongea."

"Umemwambia, Hassani?"

Alikaa, akajifuta uso kwa ncha ya kanzu. "Nilipoingia tu amenishika mukono. Ameniambia, ndugu yangu, nilikuwa nakuja kwako. Nakuomba Ijumaa usiingie mumaji. Wewe ni rafiki yangu na kuogelea haujui." Alitikisa kichwa. "Fikiria. Mutu ambaye hajui hata kushika zeze, ananihukumu mimi mumaji."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia asante. Halafu tukaongea habari ya upepo."

Idi alicheka mpaka akashika nguzo. "Nyani haoni kundule," alisema, kisha akaendelea kutuonyesha kwa kokwa za mchikichi namna atakavyomfunga Mdachi.

Ijumaa ilifika na watu wakajaa ufukweni. Bwana Luteni alikaa kwenye kiti cha kukunja, kijana bado, uso mwekundu kwa jua, na nyuma yake askari wamesimama na bunduki. Watu wa Minago walitangulia wakacheza ngoma, bwana akatikisa kichwa kwa adabu kama mtu anayengoja chakula.

Hassani aliingia majini kwa kishindo, sina budi kumsifu hapo. Alipiga mikono, alipiga miguu, povu likaruka, na povu lilipotulia alikuwa palepale. Akajaribu tena. Mara ya pili alizama, na wavuvi wawili wa Minago wakamtoa kwa kumshika kwapa. Alipopata pumzi alisema ziwa lilikuwa na mkondo. Luteni alicheka. Tukashukuru kwamba amecheka.

Idi alipewa sajenti wa askari, Mmanyema mmoja mwenye kovu. Bao liliisha kabla sisi wa nyuma hatujapata mahali pa kusimama. "Huyu anacheza kwa sheria za Tabora," Idi alitunong'oneza alipopita. Bi Mwamini alimwendea bwana kumuuliza ameota nini, askari wakamrudisha.

Kisha akaitwa Amuri.

Alikuwa amevaa kanzu mpya, kazi ya mikono yake mwenyewe, nyeupe mpaka inaumiza macho. Alikaa mchangani, akaegemeza kibuyu cha zeze kifuani, akafumba macho. Nilimtafuta Sikuzani katika umati nikamwona. Siku hiyo hakwenda kisimani. Alikuwa amesimama mbele kabisa, ameuma ncha ya ukaya wake wa kichwani.

Amuri akapiga. Sitaki kusema mengi. Mbuzi waliokuwa karibu walihama. Luteni alikunja uso, akasogea mbele kwenye kiti, halafu akanyanyua mkono.

"Wewe. Nyamaza."

Zeze likanyamaza. Hassani, ambaye bado alikuwa anachuruzika maji, alinishika bega kwa nguvu. Nilijua anachowaza, maana na mimi niliwaza barabara ya Kizuka.

Bwana alimwambia mtumishi wake neno la Kidachi, na mtumishi akaleta kasha jeusi kutoka mashuani. Ndani yake mlikuwa na zeze la Kizungu, lenye nyuzi nne, linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Mimi onyesha," alisema Luteni. "Wewe sikiliza. Hivi ndiyo zeze."

Akaliweka chini ya kidevu, akafumba macho kama Amuri alivyofumba, akavuta upinde.

Nimesikia fisi. Nimesikia punda wa Waarabu akifungwa mzigo. Sauti ile iliyapita yote, na tena bwana alikuwa anaifurahia. Aliyumba. Alitabasamu. Mahali alipokosea alirudia, akakosea vilevile, akasonga mbele kwa moyo mkunjufu. Wimbo ulikuwa mrefu.

Ulipokatika, palikuwa kimya kidogo. Kisha sajenti mwenye kovu akatutazama, akahamisha bunduki begani, akaanza kupiga makofi. Askari wakafuata. Sisi tukafuata. Tulipiga mpaka viganja vikawaka, wanawake wakapiga vigelegele, na mtu mmoja wa Minago, aliyekuwa na moshi wa samaki machoni tangu asubuhi, alionekana analia. Bwana aliona machozi yale, akaguswa sana, akampa yeye blanketi. Halafu akamgeukia Amuri.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Wewe jifunza."

"Ndiyo, bwana."

Akapanda mashua, akaenda zake, na barabara haikutajwa.

Tulirudi kwa Bi Mwamini tukiwa wepesi kama watu waliotoka hospitali. Hassani alieleza habari ya mkondo. Idi alieleza sheria za Tabora. Amuri alikaa pembeni, zeze mapajani, kahawa yake inapoa.

"Kunywa, ndugu yangu," nilimwambia. "Yamepita."

"Nataka kuuliza neno," alisema.

"Uliza."

"Yule bwana hajui kupiga."

"Hajui kabisa," alisema Idi. "Mabaya kama yale sijasikia."

"Na makofi tumemupigia."

"Tungefanya nini? Bunduki zilikuwa pale."

Amuri aliangalia mikono yake. "Nilikuwa karibu na yeye. Nimesikia namna makofi yanavyoanza. Kwanza kimya kidogo. Halafu mumoja anaanza, halafu wote kwa nguvu, kwa haraka." Akanyanyua macho. "Nayajua yale makofi. Hayo ndiyo munanipigia mimi."

Hassani alitazama ziwa. Idi alianza kuhesabu kokwa za bao zisizohitaji kuhesabiwa. Mimi nilinyanyua kikombe kitupu, nikanywa.

"Ndiyo, Amuri," alisema Bi Mwamini mwishowe. "Ni hayo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Niliogopa kwamba tumempoteza, kwamba atainuka na hatutamwona tena pale barazani. Nilimwona anapapasa shingo ya zeze, mahali ambapo kidole cha kaka yake kilikuwa kimelainisha mti.

"Yule amepigiwa makofi kwa sababu ana bunduki," alisema polepole. "Mimi sina hata fimbo."

"Hauna," nilisema.

"Na miaka yote hii mumenipigia."

"Tumekupigia."

Akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika, mpaka na machozi yakamtoka, na sisi kwa kumwona tukacheka naye, ingawa kila mtu alikuwa anamwangalia kwa wasiwasi.

"Basi leo musinipigie," alisema. "Leo nitapiga na mutaniambia kweli."

Akapiga ule wimbo mrefu. Ulikuwa mbaya kama jana na juzi. Ulipofika katikati Bi Mwamini alinyoosha kijiko cha kahawa. "Hapo. Hapo ndipo unapoharibu."

"Wapi?"

"Unakimbia. Marehemu alikuwa anangoja pale, kama mutu anayengoja jibu."

Amuri alirudia. Alikimbia tena. Akarudia, na mara hii alingoja, na kwa kitambo kifupi, pumzi mbili tu, nilimsikia Hamissi. Nadhani wote walimsikia, maana Hassani alishusha kikombe bila kunywa. Halafu uzi ukakwaruza na tukarudi duniani.

"Umesikia?" aliuliza Amuri, uso wake umebadilika.

"Tumesikia," alisema Bi Mwamini. "Kidogo."

"Murakoze, asante mama. Kweli ni dawa." Akamgeukia Hassani kwa upole uleule wake. "Sasa wewe, ndugu yangu, tuongee habari ya maji."

Hassani alisimama. "Mawese yangu iko juani," alisema, na kwa kweli jua lilikuwa limeshaingia wingu.

"Idi," alisema Amuri, "na ule muchezo wako wa bao."

Idi alikuwa ameshavaa ndara. Alisema kuna mtu anamngoja kwa chumvi, hakusema nani, na tukamwona anapinda kona ya msikiti kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao.

Bi Mwamini naye, kabla zamu ya ndoto haijafika, aliinua birika, akasema anaingia ndani kutafuta kuni. Kuni zilikuwa pale pale miguuni pake.

Tukabaki wawili barazani, mimi na Amuri, na yeye akaegemeza zeze kifuani, akaanza wimbo upya toka mwanzo.