Msiba wa Bwana Mtazamaji

Mwaka 1936 Serikali iliona vyema kutangaza kwamba wakazi wa Temeke watatazamwa. Hawataulizwa kitu, kwa sababu kumuuliza mtu humharibu. Watatazamwa katika hali yao ya asili, kando ya bomba la maji, ijulikane kama ni watu wa kazi. Wakionekana wavivu, bomba litahamishwa, nao watarudia kisima chao cha maji ya chumvi. Tangazo hili lilikuwa siri, kwa hiyo lilipigiwa mbiu mara moja tu.

Kazi alipewa Bwana Mtazamaji, mtaalamu. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kanuni ilimkataza kusema, nami ilinikataza kufasiri jambo lisiloulizwa. Tulielewana vizuri.

Asubuhi Bwana alitandika jamvi mbele ya nyumba ya Bi Zuena, karibu na bomba. Akavua viatu, akaketi, akashika tama, akanyamaza.

Bi Zuena akatua ndoo. "Mzungu kafiwa," alimwambia jirani yake, Mwishehe seremala.

"Kafiwa na nani?"

"Mtu yumo msibani, wewe unamhoji? Hebu kaa!"

Mwishehe akaweka randa chini, akaketi. Muuza samaki akafuata, kisha mtaa mzima. Kufikia adhuhuri bomba halikuwa na mtu, na Temeke yote ilikuwa kimya ikimtazama Bwana. Naye akaandika: "Wanakaa tu."

Siku ya pili aliandika: "Bado wamekaa. Wameniletea wali."

Nilimnong'oneza Bi Zuena, nje ya saa za kazi, kwamba bomba liko hatarini.

"Mwanangu karani," alisema, "mie nimwache mfiwa peke yake kwa sababu ya ndoo? Wewe huna kwenu?"

Siku ya tatu walisoma dua, wakaanua matanga kama desturi, kila mtu akarudi kazini. Randa ikalia. Ndoo zikapanga foleni. Saa hiyo hiyo ikafika motokaa ya Bwana Mkubwa, aliyekuja kuhakiki utafiti kwa njia ile ile ya kutazama.

Akatazama. Watu wote walikuwa wakihangaika na kazi, isipokuwa mmoja, aliyekaa jamvini pekupeku, ameshika tama, na punje za wali ndevuni.

Bwana Mtazamaji alifungua kinywa ajieleze. Bwana Mkubwa akainua mkono: maelezo ya mtu huharibu utafiti. Ikaamuliwa kwamba bomba libaki na mvivu ahamishwe.

Alipopandishwa motokaa, Bi Zuena alimkabidhi viatu vyake kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," alimwambia Mwishehe. "Kumbe ana ndugu."

Kisha akaenda kukinga maji.